Indezo Isiishie Mpakani

Barua ya wazi kwa Bunge la Rwanda, Wizara ya Sheria na Wizara ya Jinsia na Maendeleo ya Familia

Gisenyi, wilaya ya Rubavu

Waheshimiwa,

Saa kumi na mbili asubuhi Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Congo, huwa imeshaamka. Wanawake wa Mbugangari, Rugerero na Cyanzarwe wamepanga foleni na vikapu vya karoti, kabichi na nyanya, wengine na ndoo za sambaza zilizovuliwa usiku huo huo ziwani, kila mmoja na jeton yake, yaani kibali cha kuvuka, mkononi. Pembeni wanapita watu wenye ulemavu juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni magunia hadi mwenye kuendesha haonekani. Hatua chache mbele ni Birere. Birere ni Goma, na Goma ni nchi nyingine.

Katika foleni hiyo yumo mama asiye na karoti wala sambaza. Ana bahasha ya kaki aliyoikunja ndani ya kitenge isilowe, maana mvua ya Gisenyi haipigi hodi. Ndani ya bahasha mna hukumu ya mahakama yenye kashe mpuruza, ule mhuri unaoamuru hukumu itekelezwe. Hukumu inasema baba wa watoto wake wawili atoe indezo, yaani pesa ya matunzo ya watoto, kila mwezi. Baba anauza vipuri vya pikipiki Birere. Kutoka chumba cha mama hadi dukani kwake ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Mama ameshakwenda mara nne. Mara ya kwanza alipewa faranga 5,000 na chupa ya soda. Mara ya nne alikuta duka limefungwa, na jirani akamwambia mwenyewe hayupo, huku sauti yake ikisikika nyuma ya mlango.

Mama huyu hana jina katika barua hii kwa sababu si mtu mmoja. Ni sura iliyofumwa kwa masimulizi ya wanawake wengi wa mji huu, na kila uzi una mwenyewe. Wanaume pia wamo katika masimulizi hayo: yuko baba aliyebaki na watoto Gisenyi, mama yao akaolewa ng'ambo, yuko babu aliyeletewa wajukuu watatu usiku mmoja na hajui nani wa kumdai. Barua hii inaandikwa kwa niaba ya bahasha zote hizo.

Kwanza haki itendeke: Rwanda haijalala katika jambo la familia. Nchi hii ndiyo iliyotunga sheria Na. 22/99 mwaka 1999, mabinti wakaanza kurithi pamoja na kaka zao, wakati nchi ilikuwa bado imejaa wajane na yatima wa mauaji ya kimbari. Sheria ya familia ya 2016 ikamwondoa mume kwenye kiti cha mkuu wa kaya alichowekewa na kanuni ya 1988, ikasema nyumba inaongozwa na wawili. Kisha ikaja sheria Na. 71/2024 ya tarehe 26 Juni 2024, na ndani yake mna jambo ambalo wanawake wa Gisenyi walilipokea kwa vigelegele: kazi za nyumbani zina thamani, na thamani hiyo inahesabiwa. Waliooana kwa mfumo wa kila mtu na mali yake wakiachana, yule aliyepika, aliyefua, aliyelea na kuuguza bila mshahara anastahili kati ya asilimia 10 na 39 ya thamani ya mali iliyopatikana tangu siku ya ndoa.

Si jambo dogo hilo. Huko Tanzania swali hilo hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, ilisema mali igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Je, kupika ugali na kulea watoto ni mchango? Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakajibu kwamba ndiyo, ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba alishapewa pesa na mumewe za kuanzisha mradi akazitumia vibaya, lakini mlango alioufungua wamepita maelfu. Ila Tanzania iliacha kipimo mikononi mwa hakimu. Rwanda imeandika namba. Mwanamke asiyesoma anaweza kuishika namba hiyo kichwani na kuitaja mbele ya hakimu, na hilo ni jambo la kushukuru.

Sheria hiyo ya 2024 imegusa pia wale wanaochanganya mali zote, mfumo ambao kwa Kinyarwanda huitwa ivangamutungo rusange. Zamani wakiachana ilikuwa ni nusu kwa nusu, hata kama ndoa ilidumu miezi minane. Sasa ndoa ikiwa haijafika miaka mitano, mmoja wao anaweza kumwomba hakimu asigawe sawa kwa sawa. Wapo waliolalamika kwamba hapo mwanamke ataumia. Mwandishi wa barua hii anaona hakimu mwangalifu atajua nani alikuja kuoa shamba na nani alikuja kujenga nyumba. Mahali pa kuangalia zaidi ni pale ofisini kwa murenge, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, siku ya kusezerana, yaani ya kufunga ndoa ya kiserikali, bwana na bibi harusi wakiwa wamesimama mbele ya bendera ya taifa, mkono mmoja umeishika na mwingine umeinuliwa juu. Wanaulizwa: ivangamutungo rusange, ivangamutungo w'umuhahano (kuchanganya mali watakayochuma pamoja), au ivanguramutungo risesuye (kila mtu na mali yake)? Wanajibu walichoambiwa na mjomba, gari la picha likiwasubiri nje. Maneno mawili yanayosemwa hapo ndiyo yatakayogawa nyumba miaka 12 baadaye.

Lakini hao angalau wamesimama mbele ya bendera.

Gisenyi ina milango mitatu ya kuingilia kwenye ndoa, na dola inautambua mmoja tu. Katiba, ibara ya 17, iko wazi: ndoa inayotambuliwa ni ya kiserikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Mlango wa pili ni wa msikiti au kanisa. Katika mitaa ya Waswahili wa mji huu wapo waliofungishwa nikahi na sheikh mbele ya mashahidi na mahari yakatolewa, wakasema la murenge litafuata, na halikufuata. Mlango wa tatu hauna sherehe kabisa: msichana anahamia na begi lake, mtoto anazaliwa, majirani wanamwita Mama Fulani, na miaka inapita. Kila mwaka viongozi wa mitaa hufanya kampeni na kuwasezeranisha kwa makundi wanaoishi hivyo. Ni kazi njema. Hata hivyo wanaosezerana siku hiyo ni wale wanaopendana bado. Aliyekwisha kuachwa haitwi kwenye sherehe hiyo.

Na mpaka unaongeza fundo juu ya fundo. Upande wa Congo, kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua ndoa iliyofungwa kimila mbele ya koo mbili, kisha ikasajiliwa kwa afisa wa serikali. Familia ya Goma inaweza kumpokea binti wa Gisenyi kwa mahari, ngoma na mbuzi, ikaamini kwa moyo safi kwamba imeoa. Binti akirudi nyumbani miaka sita baadaye na watoto, bila karatasi ya upande wowote, anakuta kwamba mbele ya sheria ya Rwanda hajawahi kuolewa, kwa hiyo hana cha kuvunja. Mtu asiyeolewa haombi talaka.

Kwa miaka mingi kamba waliyoishika wanawake wa namna hii ni ibara ya 39 ya sheria Na. 59/2008, sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Ibara hiyo inasema wanaoishi pamoja bila ndoa halali wasezerane kwa msingi wa mume mmoja na mke mmoja, na kama mmoja alikuwa na wenza wengi, kwanza agawane nao sawa mali waliyokuwa nayo pamoja. Ni kamba, lakini imefungwa kwenye mti usio wake. Ilitungwa kwa ajili ya mwanamume anayetaka kusezerana na mmoja na kuwaacha wengine. Mwanamke wa kawaida, aliyeachwa na mtu asiyetaka kusezerana na yeyote, anaishika kwa shida, na mzigo wa kuthibitisha kwamba kibanda cha biashara kilikuwa cha wawili uko begani mwake. Nani alimpa risiti alipokuwa akiuza maziwa ili bwana anunue pikipiki ya kwanza?

Tanzania imeishi na jibu jingine tangu 1971. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Hata ikithibitika kwamba hawakuoana, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Barua hii haiombi Rwanda ifute murenge. Inaomba miaka ya mwanamke isihesabiwe kuwa si kitu kwa sababu tu hakuna mtu aliyeshika bendera.

Kwa watoto sheria ni nyepesi zaidi, na ndiyo sababu uchungu ni mkubwa zaidi. Mtoto habaguliwi kwa kuwa wazazi hawakusezerana; inachotaka sheria ni uzazi ujulikane. Tangu 2020 mtoto huandikishwa hospitalini au kituo cha afya alikozaliwa, na hilo limeondoa safari nyingi. Hata hivyo baba asiyesezerana na mama anatakiwa amkubali mtoto yeye mwenyewe. Asipokubali, mama anafungua kesi, na mara nyingi kesi hiyo huishia kwenye vipimo vya vinasaba vinavyofanyika Kigali. Mchuuzi wa karoti anapiga hesabu ya nauli, ya vipimo, na ya siku ambazo hatakwenda sokoni, kisha anarudisha karatasi mfukoni. Mtoto anabaki na jina la mama peke yake katika kitabu. Kenya, katika Katiba ya 2010, ibara ya 53, iliandika kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sentensi fupi. Ingefaa ibandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili kwenye mlango wa kila kituo cha afya cha Rubavu.

Kuhusu nani akae na mtoto, wazazi wa hapa wameizoea kanuni ya sheria ya 2016: aliye chini ya miaka 6 anabaki na mama, isipokuwa akiwa hatarini huko. Hakimu huangalia maslahi ya mtoto, na asiyepewa mtoto ana haki ya kumtembelea. Kwenye karatasi ni sawa. Mtaani kuna jambo ambalo waandishi wa sheria, wakiwa Kigali, pengine hawaoni: watoto wa Gisenyi na Goma wana bibi pande zote mbili. Likizo moja tu, shangazi anamvusha mtoto kwenda kusalimia, na likizo inakuwa mwaka. Hapajatokea utekaji, hapajapigwa kelele. Ni ukoo umemchukua mtoto wake, kama ukoo unavyosema. Mama akifika na hukumu ya ulezi anaambiwa karatasi ya Rwanda isomwe Rwanda. Wapo waliongoja hadi mtoto akasahau Kinyarwanda.

Sasa turudi kwenye indezo, maana hapo ndipo kiini cha barua hii.

Mama akishinda kesi anapewa nakala yenye kashe mpuruza, kisha anamtafuta umuhesha w'inkiko, mtekelezaji wa hukumu. Wapo wa kitaaluma wanaolipwa, na wapo wasio wa kitaaluma, yaani makatibu watendaji wa kata na wa murenge, ambao wana kazi nyingine mia. Kama baba ni mwalimu au askari, kazi ni rahisi: mshahara unajulikana, unakatwa. Kama ana nyumba Gisenyi, nyumba ina hati na namba yake kwenye daftari la ardhi. Lakini mji huu unaishi kwa biashara ya mkono kwa mkono. Baba hana karatasi ya mshahara. Ana kibanda, ana mtaji unaotembea, ana simu. Deni lake la indezo ni la faranga chache kila mwezi, dogo mno kwa umuhesha wa kulipwa kulihangaikia, na kubwa mno kwa mtoto anayefukuzwa shule kwa sababu ya sare. Na kwa kuwa deni hilo huzaliwa upya kila mwezi, mama anajikuta akishinda kesi ile ile bila mwisho. Leo amelipwa, mwezi ujao kimya, mwezi wa tatu nusu, mwezi wa nne kimya. Kila kimya kinamrudisha ofisini, na kila siku ya ofisini ni siku isiyo na soko.

Halafu kuna ule mstari kati ya Mbugangari na Birere. Umuhesha wa Rwanda hana mamlaka hatua moja baada ya mstari huo, na ndivyo inavyopaswa kuwa kati ya nchi mbili. Hukumu ya Rubavu, ili ipate nguvu Goma, inahitaji kwanza kukubaliwa na mahakama ya Congo. Hata siku za amani hiyo ilikuwa safari ambayo mama wa karoti hakuifikiria: wakili wa pili, ada ya pili, Kifaransa. Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, makombora yakaanguka hadi huku Gisenyi na kuua watu, na mahakama za dola ya Congo mjini humo zikasimama kazi. Tangu siku hiyo mama mwenye bahasha hana hata mlango wa kubisha. Hilo halikuletwa na sheria ya familia, na barua ya raia haiwezi kulimaliza. Linatajwa kwa sababu mtoto aliyekuwa na miaka 4 siku ile hakuacha kula kusubiri vita viishe.

Miezi hiyo hiyo ilionyesha jambo jingine, na ndilo linalompa mwandishi matumaini. Benki za Goma zilipofungwa, watu walivuka kuja Gisenyi kutoa pesa zao. Mtandao wa simu wa Rwanda unashika hadi Birere, na wafanyabiashara wengi wa Goma wana laini ya Rwanda mfukoni, wana MoMo, pesa ya simu, wananunua bidhaa kwayo na kulipwa kwayo. Yule baba wa vipuri ana laini hiyo. Pesa yake inavuka mpaka mara kumi kwa siku, kwenda kwa mwenye tairi, kwenda kwa mwenye mafuta ya injini. Njia ya pesa ipo. Inakosekana amri inayoweza kupita njia hiyo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, maombi ya barua hii ni ya karibu, hayahitaji jengo jipya.

Ombi la kwanza ni kwamba indezo isiachwe iwe deni kati ya mtu na mtu. Iwe na daftari lake mahakamani. Baba au mama aliyeamriwa kulipa alipe kwa namba moja inayojulikana, malipo yaandikwe, na mwenye mtoto apokee kwa simu yake. Rwanda tayari inaendesha kesi kwa mfumo wa kompyuta tangu 2016. Mtu anafungua shauri akiwa kwenye kibanda cha intaneti. Mfumo unaojua kesi inasikilizwa lini unaweza kufundishwa kujua kwamba miezi miwili imepita bila indezo. Ukijua, umjulishe umuhesha wenyewe, bila mama kurudi kuomba upya. Na daftari hilo litamlinda baba mwaminifu pia. Wapo wanaolipa kwa mkono bila risiti, kisha wanaambiwa hawajawahi kutoa hata mia, na hawana cha kuonyesha.

La pili ni mwendo. Hakimu anaweza kutoa amri za muda wakati talaka bado inasikilizwa, kuhusu makazi, watoto na matunzo. Amri hizo zitoke bila kusubiri kuombwa na wakili, kwa sababu wengi hawana wakili. Maafisa wa MAJ, ile nyumba ya msaada wa sheria iliyopo katika kila moja ya wilaya 30, wanafanya kazi kubwa bila kumtoza mtu, lakini Rubavu peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya laki tano katika sensa ya 2022, na maafisa wa ofisi moja kama hiyo huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wilaya yenye mpaka kama huu ingeongezewa watu, angalau mmoja anayejua sheria ya familia ya Congo.

La tatu ndilo zito. Tarehe 20 Septemba 1976 marais wa Burundi, Rwanda na Zaire walitia saini hapa hapa Gisenyi mkataba wa jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa mji huu huu. Wazo lilikuwa watu wa mipakani wasitenganishwe na mpaka. Vita vilipokuja na kuondoka, kilichobaki mkononi mwa mwananchi ni kibali cha kuvuka na karoti. Mwaka 2022 Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na meza za mazungumzo zikawa mbili. Katika mojawapo ya meza hizo, siku watakapoweza kukaa, Rwanda na Congo waandikiane mkataba mfupi wa mambo mawili tu: hukumu ya matunzo ya mtoto na hukumu ya ulezi wa mtoto itambuliwe pande zote mbili bila kesi ya pili. Dunia imeshatengeneza mifano. Upo mkataba wa New York wa 1956 wa kudai matunzo nchi za nje, na upo wa The Hague wa Novemba 2007, ambamo ofisi ya nchi moja huiandikia ofisi ya nchi nyingine, na mama hahitaji kusafiri. Si upendeleo kwa Wanyarwanda. Wanawake wa Goma nao wana bahasha zao, na majina yaliyoandikwa humo ni ya wanaume wanaolala Gisenyi.

Na kwa kuwa mikataba hukawia, jambo moja linaweza kuanza bila kuisubiri: baba au mama mwenye hukumu ya indezo ya Rwanda na laini ya MoMo ya Rwanda alipe kwa laini hiyo, hata akiwa amesimama Birere. Laini imeandikishwa kwa kitambulisho, chini ya sheria ya Rwanda. Wanasheria wa Wizara ndio wanaojua mipaka ya kukata pesa kwenye simu ya mtu na kinga zinazohitajika. Barua hii inawaomba walitazame swali hilo kwa bidii ile ile iliyotumika kutafuta namna ya kukata mshahara wa mwalimu.

La nne ni wale wasiosezerana. Waheshimiwa wabunge walioketi na kuhesabu asilimia 10 hadi 39 kwa mke wa ndoa wanaweza kuhesabu tena, safari hii kwa mwanamke aliyefua miaka 12 bila ndoa. Bunge la Rwanda lina wanawake wengi kuliko wanaume. Wengi wao wametoka vijijini ambako hadithi hizi si ngeni. Kipengele kinachojitegemea, kinachosema miaka mingapi ya kuishi pamoja inatosha na ushahidi gani unakubalika, kama majirani, kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji, au malipo ya bima ya afya ya familia, kingemtoa mwanamke huyu kwenye kuazima ibara ya sheria ya ukatili.

Lugha ni ombi dogo, lakini kwa Gisenyi lina uzito. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu sheria ya 2017. Katika mji ambao mabibi wengi, na wake waliotoka ng'ambo, wanakisema kuliko kitu kingine, fomu ya kuomba indezo iwepo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Neno indezo libaki kama lilivyo. Limeshazoeleka na kila mtu hapa, pande zote mbili za mstari.

Wizara zikihitaji kusikia haya kwa masikio yao, njia ipo na haina gharama. Umugoroba w'Imiryango, mkutano wa jioni wa familia, hufanyika katika kila umudugudu, na wa Mbugangari hukaa chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, watu na viti vyao. Waheshimiwa waje jioni moja. Waje na karani mwenye daftari tupu, na mtu wa mahakama anayeweza kusoma hukumu papo hapo na kusema imekwama wapi. Tafadhali isiwe siku ya soko kubwa, kwa sababu wenye bahasha watakuwa Birere hadi jua lizame.

Kwa heshima,

Mkazi wa Gisenyi